Jasho la ustadhi na gari la kiongozi

 

Ndugu Waislamu, mada ya leo si ngeni. Inazungumzwa sana, lakini inazungumzwa barazani baada ya swala ya Isha, kwa sauti ya chini, huku msemaji akigeuka kutazama nani anapita. Nayo ni hali ya maisha ya watumishi wa taasisi zetu, yaani walimu wa madrasa, maimamu, waadhini, walinzi na wafagiaji, ikilinganishwa na hali ya viongozi wao. Nimeona ni vyema tuiweke hadharani na kuipima kwa Qur'an na Sunna.

Swali la muuguzi

Tosamaganga ipo umbali wa kilomita kama 15 kutoka mjini Iringa. Ni misheni kongwe ya Wakatoliki. Ilianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na Waitaliano wa shirika la Consolata. Kilimani pale kuna kanisa, shule, kituo cha watoto yatima, na hospitali ambayo wananchi wa dini zote huitegemea.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, baridi ya Iringa ikiwa imepamba moto, nilikwenda hospitalini pale kumjulia hali mtoto wa ustadhi mwenzangu. Mtoto alikuwa na nimonia. Baba yake alikuwa akisomesha katika madrasa ya taasisi moja ya Kiislamu, asubuhi watoto wadogo na jioni wakubwa, na imamu akisafiri ndiye aliyeswalisha swala zote tano. Mshahara wake ulikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, na ulikuwa haujatoka kwa miezi minne.

Tukiwa wodini wakaingia viongozi wawili wa taasisi ile. Walikuja na gari la taasisi, lile kubwa la kukaa watu saba. Wakasoma dua nzuri, wakampa ustadhi bahasha, wakaaga. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 10,000. Sidhani kama mafuta ya gari lile, kwenda na kurudi, yalikuwa pungufu ya hapo.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikuwa akibadilisha dripu ya mtoto wakati yote hayo yanatokea. Walipotoka akauliza kwa upole: "Shehe, kwani nyie huko kazini kwenu hamna bima?" Ustadhi akatabasamu, akajibu: "Bima yetu ni Allah, mama."

Muuguzi akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Lakini jibu lile halijanitoka hadi leo. Ni kweli Allah ndiye tegemeo la kila muumini. Lakini kiongozi aliyetoka mlangoni muda ule naye ni muumini, na tawakkul hiyo hiyo anayo. Mbona yeye kadi ya bima alikuwa nayo, tena imelipiwa na taasisi?

Tusikimbilie ya jirani

Najua msomaji atasema: hospitali ile inasaidiwa na serikali, na mwaka 1992 serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano juu ya huduma za jamii, sisi tukaachwa. Hoja hiyo ipo na imeandikwa sana. Lakini leo tujiulize jingine. Mshahara wa miezi minne wa ustadhi yule ulizuiwa na makubaliano ya mwaka 1992? Gari lilipata mafuta. Viongozi walipata posho za vikao. Fedha ilikuwepo, ila ilipofika kwa mwalimu wa watoto ikawa imekwisha.

Mji wetu wa Iringa una nafasi yake katika historia ya Waislamu wa nchi hii. Ni hapa, Desemba 1968, ndipo BAKWATA ilipoundwa, na mwezi huo huo serikali ikaipiga marufuku EAMWS. Tangu hapo mjadala wetu mkubwa umekuwa ni nani awe kiongozi. Ni mjadala wa haki kabisa. Lakini katika miaka yote hiyo, ni mara ngapi tumekaa kujadili anayefagia msikiti anakula nini?

Na nisijitoe. Kuna wakati nilikuwa mjumbe wa kamati ya elimu ya taasisi nyingine. Tulifanya semina ya siku mbili, mada ikiwa uadilifu, na mimi nilisaini posho ya shilingi 60,000. Mlinzi aliyetufungulia geti siku zote mbili mshahara wake ulikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na alikuwa akidai miezi miwili. Nilisaini bila kuuliza. Hivyo haya ninayoandika nayaandika kwanza kwa nafsi yangu.

Qur'an na Sunna zinasemaje?

Kwanza, ujira wa mtumishi wa dini si hisani. Katika Surat Tawba (9:60) Allah (s.w) ametaja makundi manane yanayostahiki zaka. Kundi la tatu ni wale wanaoifanyia kazi zaka yenyewe, na hawa hupewa kwa sababu ya kazi yao, hata kama si mafakiri. Kama anayekusanya na kugawa zaka amewekewa fungu ndani ya Qur'an, vipi anayewafundisha watoto wetu Qur'an yenyewe awe wa kusubiri mabaki?

Pili, masharti ya kazi yasemwe mapema. Tusome kisa cha Nabii Musa (a.s) kule Madyan (28:25-28). Aliwanyweshea wanyama mabinti wawili bila kudai kitu, lakini baba yao akamwita ili amlipe. Kisha wakapatana: miaka minane ni wajibu, akitimiza kumi ni hiari yake, na mwenye kazi akaahidi kutomtia mashakani. Hapo pana muda, ujira na mipaka ya kazi. Waalimu wangapi wa madrasa zetu wana karatasi yenye mambo hayo matatu?

Tatu, kuchelewesha na kupunja ni dhulma. Katika Hadith iliyopokewa na Ibn Majah, Mtume (s.a.w) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadith Qudsi iliyomo katika Sahih Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu, mahakamani ukishitakiwa na jirani unaweza kuweka wakili. Siku hiyo utamweka nani?

Nne, kiongozi naye ana mpaka. Abu Dawud amepokea Hadith inayoeleza kwamba anayeutumikia umma, kama hana mke basi apate wa kuoa, kama hana mtumishi apate mtumishi, na kama hana makazi apate makazi. Anayechukua zaidi ya hapo anahesabika amefanya khiyana. Tuitafakari vizuri Hadith hii kwani inakata pande mbili. Inampa mtumishi haki ya nyumba na familia, na inamzuia mkubwa asivuke hapo.

Makhalifa waliielewa. Abu Bakr (r.a) alikuwa mfanyabiashara. Aliposhika ukhalifa akawekewa posho ya kutosha familia yake, kwa kuwa kazi ya Waislamu ilimzuia biashara. Alipokaribia kufa akaagiza vilivyobaki kwake virejeshwe kwa khalifa atakayemfuata. Umar (r.a), mwaka wa njaa kubwa wa 18 Hijria, alijizuia kula samli mpaka watu wa kawaida waipate. Na imepokewa kuwa Madina kulikuwa na walimu watatu wa watoto, naye Umar akiwapa kila mmoja dirham 15 kila mwezi. Yaani khalifa mwenye dola kubwa alikuwa akijua idadi ya walimu wa madrasa na mwezi wao umeisha lini.

Hoja ya ikhlas

Ukiwauliza viongozi wetu, jibu la haraka ni hili: "Kazi ya dini ni ikhlas, malipo yako kwa Allah." Maneno ni ya kweli lakini yamewekwa pasipo pake. Ni kweli wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza kuchukua ujira kwa kufundisha Qur'an, lakini waliokuja baadaye wakaruhusu, walipoona walimu hawapewi tena riziki kutoka hazina na elimu inahofiwa kupotea. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu tunaifuata, inajuzu, na ipo Hadith ya Ibn Abbas (r.a) katika Bukhari inayohalalisha ujira kwa Kitabu cha Allah.

Aidha, ikhlas ni sharti la kila amali, hata ya mwenyekiti na katibu. Kama ikhlas inatosha kumlisha muadhini, basi itoshe pia kujaza tangi la gari. Tukiwadai wengine ikhlas na sisi tukadai posho, tunaingia katika onyo la mwanzo wa Surat Mutaffifin: wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na kupunguza wanapotoa.

Nini kifanyike?

1. Kila mtumishi apewe mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inaweka siku 28 za likizo ya mwaka. Taasisi ya dini ikiajiri nayo ni mwajiri.

2. Watumishi waandikishwe NSSF na wawe na bima ya afya. Kama fedha haitoshi bima ya wote, ianze kwa wa chini.

3. Katika bajeti, mishahara ya walimu na wahudumu itolewe kwanza. Posho na mafuta vifuate.

4. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya waumini angalau mara mbili kwa mwaka, ikiwemo anachopata kila kiongozi.

5. Waumini nasi tuache kununua heshima kwa harusi ya mamilioni huku mwalimu wa mtoto wetu tukimpa shilingi 500 kwa wiki. Tuweke waqf, hata chumba kimoja cha kupangisha, kwa ajili ya madrasa.

Mtoto yule alipona, alhamdulillah. Bili ililipwa kwa mchango wa wazazi wa madrasa. Baba yake alivumilia mwezi mmoja zaidi, kisha akaacha. Leo anaendesha bodaboda mjini Iringa na anasema anapata riziki. Siku moja alinipakia, nikamuuliza kama anakumbuka kusomesha. Akasema wanafunzi wake wanamkumbusha, kwani kila wakipishana naye barabarani humuuliza: "Ustadhi, utarudi lini?"

Swali hilo si lake kulijibu. Ni la wenye gari.