Nyumba isikuponyoke kabla ya saini

Muuzaji akishakubali bei, wengi huanza kuhesabu vyumba. Mimi hapo ndipo naanza kuulizia watu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mauzo yawe kwa maandishi, hivyo hata mkipeana mikono mbele ya dalali na nusu ya mtaa, bado hakuna aliyefungwa.

Kwa nilivyoona hapa Dar es Salaam, anayevunja biashara ni yule ambaye siku ya makubaliano hakuwepo. Kuna nyumba niliifuatilia Tabata: bei tumeelewana, mwanasheria kashaandaa mkataba. Ghafla dada wa muuzaji akashuka kwenye basi la Tanga na bahasha kwapani. Nyumba ni ya marehemu baba yao, na yeye hajaulizwa. Haki ilikuwa yake, sikuwa na la kubisha.

Kwa hiyo kama nyumba ni ya urithi, naomba barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha nataka kuongea na warithi wenyewe. Kama muuzaji ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. "Mama watoto hana neno" hainitoshi. Namsubiri mama watoto mwenyewe aje aketi, aseme. Hati nayo inafanyiwa upekuzi ofisi ya ardhi, kujua kama iko rehani benki au ina zuio. Majirani nao wasalimie, wanajua mengi kuliko hati.

Pesa ya kushikia nyumba sitoi bila karatasi. Iandikwe kwamba mpaka tarehe fulani nyumba haionyeshwi kwa mwingine, na kwamba upekuzi ukileta kasoro narudishiwa yote. Muuzaji akigoma kuandika hayo, najua kuna mteja mwingine anazungushwa.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, muulize mnunuzi pesa inatoka wapi. Kama ni mkopo, mthamini aje mapema. Thamani ya benki ikiwa chini ya bei mliyopatana, atarudi kuomba punguzo au atapotea kabisa.

Halafu kuna simu ya dalali, saa tatu usiku: "Bosi, kuna mtu kafika na bei ya juu." Mwambie amlete kesho asubuhi na hela yake. Mara nyingi hamleti.