Somo: Samaki Wawili kwa Watu Sita



Kusini mwa mji wa Babati kuna Ziwa Babati. Ni ziwa la maji baridi. Humo wanaishi viboko. Humo pia wamo perege na kambale. Watu hununua samaki hao, huwakaanga au huwapika mchuzi, kisha huwala kwa ugali.

Sasa fikiri juu ya kaya moja yenye watu sita. Yupo baba, mama, bibi na watoto watatu. Mtoto wa mwisho ana miaka miwili. Bibi amebakiwa na meno machache. Leo mama amenunua perege wawili.

Jioni samaki wanagawanywa. Baba anapata kipande kikubwa. Watoto wakubwa wanagombea mkia. Mtoto mdogo anapewa mchuzi tu, kwa sababu mama anaogopa miiba. Bibi anasema ameshiba.

Je, ni kweli ameshiba?

Samaki ni chakula cha kujenga mwili. Katika nyumba hii, mwili unaokua upesi kuliko yote ni wa mtoto wa miaka miwili. Naye ndiye aliyekosa samaki. Hakunyimwa kwa chuki. Amenyimwa na miiba.

Katika somo hili tutajifunza kupika mkate wenye samaki ndani. Samaki huyo hana miiba. Kila mtu anapata sehemu sawa.

Wenzetu wanavyofanya

Chakula cha namna hii kinajulikana mbali. Katika jimbo la Maine, nchini Marekani, watu hula mkate mdogo uliopasuliwa juu na kujazwa nyama ya kambakoche. Kambakoche ni mnyama wa baharini mwenye gamba gumu. Pwani yetu ya Tanzania yupo pia. Sisi wa Babati tuko mbali na bahari, lakini tunao perege.

Wenzetu hao wana njia mbili. Wengine hula nyama hiyo ikiwa baridi, wakiichanganya na mayonezi. Wengine huila ikiwa ya moto, pamoja na siagi. Sisi tutafuata njia ya moto. Wengi wetu hatuna jokofu nyumbani, na samaki aliyepoa huharibika upesi.

Mahitaji

Kwa mkate:
Unga wa ngano, vikombe 4.
Hamira, vijiko vya chai 2.
Sukari, kijiko cha chakula 1.
Chumvi, kijiko cha chai 1.
Mafuta ya alizeti, vijiko vya chakula 2.
Maji ya uvuguvugu, kikombe 1 na nusu.

Kwa samaki:
Perege 2, wenye uzito wa kilo 1 kwa jumla.
Vitunguu 2, nyanya 2, pilipili hoho 1 na limau 1.
Mafuta ya alizeti, vijiko vya chakula 3.
Chumvi kiasi.

Ngano hulimwa katika wilaya jirani ya Hanang. Hamira huuzwa dukani. Kabla ya kulipa, soma tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Kama tarehe imepita, irudishe. Wewe sasa unajua kusoma. Mtu asikuuzie hamira iliyokufa.

Kuchagua samaki

Mtazame samaki kabla ya kumnunua. Macho yake yawe maangavu, yasiwe yamezama. Funua matamvua, yaani mashavu yake ya ndani. Yawe mekundu. Mbonyeze kwa kidole. Nyama irudi mahali pake. Kama kidole kimeacha shimo, au ananuka vibaya, mwache. Limau na pilipili haziponyi samaki aliyeoza.

Kutengeneza mkate

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Tia hamira na sukari katika maji ya uvuguvugu. Maji yakiwa ya moto sana, hamira hufa. Ngoja dakika 10. Ukiona povu, hamira ni nzima.

3. Changanya unga, chumvi na mafuta. Mimina maji ya hamira kidogo kidogo. Kanda mpaka unga uwe laini na usishike mikononi.

4. Funika kwa kitambaa safi. Acha uumuke mpaka uwe mara mbili ya ulivyokuwa. Siku ya baridi huchukua muda mrefu zaidi.

5. Gawa unga sehemu 6. Viringisha kila sehemu iwe ndefu kidogo. Panga katika sufuria iliyopakwa mafuta. Acha iumuke tena.

6. Chukua sufuria kubwa na nzito. Weka mchanga mkavu chini. Ipashe moto. Ingiza sufuria yenye mikate, kisha funika. Weka makaa machache chini na makaa mengi juu ya mfuniko.

7. Tazama baada ya dakika 25. Gonga mkate kwa kidole. Ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Angalizo: usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa huua, wala hainuki.

Kupika na kuchambua samaki

1. Paa magamba, toa matumbo, osha vizuri.

2. Chemsha samaki kwa maji yenye chumvi, kwa moto wa kiasi. Usikoroge. Nyama ikianza kuachana na mifupa, epua. Mchuzi wake usiumwage. Huo ni supu.

3. Samaki akipoa kidogo, mchambue juu ya sahani nyeupe. Toa mifupa mikubwa kwanza. Kisha pitisha vidole katika nyama yote, taratibu. Ukimaliza, rudia mara ya pili. Kazi hii ifanyike mahali penye mwanga.

4. Kaanga vitunguu. Tia nyanya na hoho. Pika mpaka maji yakauke, ili mkate usilowe. Tia samaki, kamulia limau, geuza mpaka yote iwe ya moto kabisa.

5. Pasua kila mkate juu, bila kuutenganisha. Gawa samaki sehemu 6 zilizo sawa. Jaza, na kuleni mara moja.

Mtoto mdogo mkatie vipande vidogo. Ale akiwa ameketi, na mtu mzima awe karibu. Mwiba ukimkwama mtu kooni, usimpe tonge la ugali alimeze ili kuusukuma. Tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Mpeleke zahanati.

Samaki aliyepikwa asikae nje zaidi ya saa mbili. Mfunike, inzi wasimguse. Asilazwe mpaka kesho bila jokofu.

Mambo ya kukumbuka

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Swali la siku zile ni la leo pia: nani anakula nini katika nyumba yetu?

Kama huna unga wa ngano, usiache somo hili. Mchambue samaki vivyo hivyo, umgawe sawa, mle kwa ugali. Mkate ni mzuri, lakini mkate si shabaha yetu. Shabaha yetu ni kwamba mtoto wa miaka miwili ale samaki, na bibi asilazimike kusema ameshiba.

Maswali

1. Kwa nini mtoto mdogo alipewa mchuzi tu?
2. Taja dalili tatu za samaki mzima asiyeoza.
3. Kwa nini tumechagua njia ya moto?
4. Nyumbani kwako, nani hupewa samaki kwanza? Nani hupewa mwisho? Jadilianeni.

Kazi ya kufanya

Andika katika daftari lako majina ya watu wote wa kaya yako. Siku mtakayokula samaki, andika mbele ya kila jina alichopata. Lete daftari darasani.

Maneno mapya

Kuumuka: unga kuvimba kwa nguvu ya hamira.
Matamvua: viungo ambavyo samaki hupumulia.
Kuchambua: kutenganisha kinachofaa na kisichofaa.
Shabaha: jambo unalolenga.