Jiko la Nyama Lililoshika Kutu Lisitupwe

Runyenjes iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na jiko la pipa lililoachwa uani halipati nafasi ya kukauka: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Julai huja na baridi na manyunyu. Hata hivyo, mvua peke yake haitoboi pipa haraka hivyo. Majivu ndiyo yanayolila. Hunyonya unyevu, yakachanganyika na chumvi iliyodondoka na mafuta ya nyama, na jiko likaoza tumboni huku ubavu ungali mzima.

Kagua. Toa majivu yote, kisha gongagonga tumbo kwa nyundo. Likilia vizuri, chuma kipo. Likibonyea, mpelekee fundi wa jua kali achomelee kiraka cha chuma cheusi. Asitumie bati la paa: lina zinki, na moshi wake unadhuru mapafu.

Sugua. Loweka wavu kwenye siki usiku kucha. Asubuhi usugue kwa brashi ya waya, uusuuze, uukaushe mara moja juu ya moto. Pipa lisugue kwa brashi, kisha msasa, mpaka chuma king'are. Pangusa kila mahali kwa kitambaa chenye maji, maana uzi mmoja wa brashi ukibaki kwenye wavu unaweza kumezwa pamoja na nyama.

Paka. Nje paka rangi inayostahimili joto kali, mikono miwili, wa kwanza ukauke kabla ya wa pili. Ndani na kwenye wavu usipake rangi wala oili ya gari. Paka mafuta ya kupikia, membamba kabisa, washa makaa, funika kwa saa moja hivi. Rudia mara tatu, hadi chuma kiwe cheusi na kisinate mkononi.

Tunza. Toboa matundu machache chini ili maji yatoke, na uliinue jiko juu ya mawe. Lifunike kwa turubai likiwa limepoa na kukauka tu. Kila mwisho wa Februari na wa Septemba, kabla mvua haijaanza, rudia mafuta. Na kila baada ya kuchoma, wageni wakishaondoka, usilale siku ya pili majivu yakiwa bado humo.