Boti iliyoharibika: tununue ao tuache?



Koperative mingi za kando ya Ziwa Tanganyika zinatafuta boti yao ya kupeleka muhogo na mahindi sokoni. Boti nzima ni bei kali. Basi mtu anawaonyesha ingine ya mbao, imelala mchangani miaka, bei rahisi.

Mbele ya yote muangalie mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti yote, na mataruma, zile mbavu za ndani. Mukamate kisu, muchome mti pole pole, zaidi chini ndani, mahali maji ya mvua inalala. Kisu kikiingia kama ku muhogo wa kupikwa, mti umeoza. Ubao mmoja wa pembeni, fundi anaubadilisha. Mkuku ukioza, ni sawa na kujenga boti mpya: mbao, misumari, pamba ya kuziba, mushahara wa fundi. Na rangi mpya isiwadanganye, mara mingi inaficha.

Kama kati yenu hakuna anayejua ziwa, mimi naona muanze na boti ndogo iliyo nzima. Kutengeneza kunachukua miezi, mavuno hayangojei.

Mukitaka ile tu, fundi aione mbele ya kutoa feza. Kisha kuitengeneza, muiweke majini karibu na ufuko siku mbili tatu, bila mizigo: mbao zilizokauka zinavuja mpaka zivimbe. Ikiendelea kuvuja kisha pale, musipakie mtu.