Mahindi ya 2004: Somo la Sumu Isiyoonekana

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004, hospitali za Ukambani zilipokea wagonjwa wengi wa aina moja. Macho yao yalikuwa ya manjano, walitapika, walikosa hamu ya chakula, na wengine walivimba tumbo. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317 na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka wilaya za Makueni na Kitui kama zilivyoitwa wakati huo, na wengine Machakos na Thika. Katika kila wagonjwa watano, karibu wawili walikufa.

Kilichowaua ni mahindi, tena mengi yakiwa ni mahindi waliyolima wenyewe.

Zaidi ya miaka ishirini imepita, na katika boma nyingi kuna watoto wakubwa ambao hawakuwa wamezaliwa. Kisa hicho kinafaa kusimuliwa upya kwa sababu sumu yenyewe haijaondoka. Kinafaa pia kwa sababu kinaonyesha mwanasayansi anafanya nini hasa jamii inapopatwa na janga, na kazi yake inafika wapi kabla ya kuhitaji mkono wa mkulima, mfanyabiashara na serikali.

Sumu hiyo ni aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayoishi kwenye udongo wa shamba na kushambulia mahindi, njugu karanga na nafaka nyingine. Ilijulikana duniani mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa chakula kilichochanganywa na njugu zilizotoka Brazil. Haina harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, na githeri iliyokaa jikoni tangu asubuhi hadi jioni bado inaweza kuwa na karibu sumu yote iliyoingia nayo sufuriani.

Swali lililoulizwa nyumba kwa nyumba

Ugonjwa wa ini una vyanzo vingi. Virusi vinaweza kuuleta, pombe inaweza kuuleta, hata dawa fulani. Ndiyo maana wataalamu wa Wizara ya Afya, wakishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na wenzao wengine, hawakutosheka kuona mgonjwa na mahindi yenye kuvu katika nyumba moja wakakata shauri. Wakati huo karibu kila nyumba ilikuwa na mahindi. Swali gumu lilikuwa hili: mbona huyu ameugua na jirani yake, anayekula mahindi ya eneo hilohilo, yuko salama?

Walichukua wagonjwa 40. Kisha wakachagua watu 80 wasiougua kutoka vijiji hivyohivyo, wawili kwa kila mgonjwa. Wote waliulizwa maswali yaleyale: mahindi yalitoka wapi, yalikaukaje, yaliwekwa wapi. Sampuli za mahindi yao zikapimwa, na damu pia ikapimwa. Njia hii ni rahisi kueleza na ngumu kuifanya, maana inahitaji familia yenye msiba imfungulie mgeni mlango na kumwonyesha gunia lake la mwisho. Bila familia hizo, maabara isingekuwa na la kusema.

Majibu yalikuwa wazi. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa aflatoksini wa takriban sehemu 354 kwa kila sehemu bilioni. Nyumba za wasiougua zilikuwa na takriban 44. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Msomaji atazame tena hiyo namba ya pili: hata wale waliohesabiwa kuwa wazima walikuwa wakila, kwa wastani, mahindi yaliyozidi mara mbili ya kiwango halali.

Utafiti huo pia ulionyesha tabia zilizoongeza hatari. Waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu waliugua zaidi, na walioyaweka ndani ya nyumba ya kulala waliugua zaidi sana. Hili halikutokana na uzembe. Anayehofia wizi wakati wa njaa huvuna mapema na kulala na gunia lake karibu. Lakini nyumba isiyo na hewa ya kutosha, yenye watu na moto wa kupikia, ni mahali pazuri mno kwa kuvu. Wagonjwa pia walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na ini lililokwisha kudhoofishwa na virusi hivyo huumizwa zaidi na sumu hii. Chanjo dhidi ya virusi hivyo imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2001, kwa hiyo mama anayempeleka mtoto kliniki kwa chanjo anamkinga pia, kwa njia hiyo, na madhara ya mahindi mabaya.

Kiwango cha juu kabisa kilichopatikana katika sampuli za mwanzo kilikuwa 4,400, yaani mara 220 ya kiwango halali. Kwa vipimo vya nyumbani, hiyo ni chini ya nusu gramu ya sumu ndani ya gunia zima la kilo 90, kama chumvi inayobanwa kwa vidole viwili.

Wataalamu walikwenda sokoni vilevile. Walichukua sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango cha 20, na asilimia 7 zilipita 1,000. Hapo ikabainika kwamba aliyemaliza mahindi yake mabaya na kwenda kununua mengine hakuwa amekimbilia usalama.

Onyo la 1981

Sehemu inayouma zaidi katika kisa hiki ni kwamba halikuwa jambo jipya. Mwaka 1981, huko Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na dalili hizohizo na 12 kati yao wakafa. Madaktari na watafiti walitambua kuwa ni aflatoksini ya mahindi, na mwaka 1982 wakaandika matokeo yao katika jarida la tiba la The Lancet, linalochapishwa London. Kazi hiyo ilikuwa nzuri na bado inanukuliwa hadi leo.

Miaka 23 baadaye, watu 125 walikufa kwa sababu ileile, katika eneo lilelile. Ujuzi uliokuwepo ulikuwa kwenye kurasa zisizosomwa na mtu anayeanika mahindi. Lawama haziwezi kuwekwa kwa watafiti peke yao. Kutoka jarida hadi ghala kuna maafisa wa ugani, walimu, redio, machifu, viongozi wa dini na magazeti, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha njia. Lakini mwanasayansi anayeona kazi yake imekwisha siku makala yake inapochapishwa, na kusahau waliompa sampuli, ameacha kazi nusu.

Kuvu dhidi ya kuvu

Baada ya 2004, watafiti walitaka kujua kwa nini mahindi ya Ukambani yalikuwa na sumu nyingi kiasi hicho. Mwaka 2007, Claudia Probst na Peter Cotty pamoja na mwenzao walichapisha jibu: kuvu iliyotawala katika mahindi ya eneo lililoathirika ilikuwa ya ukoo unaotengeneza sumu nyingi kuliko kuvu ya kawaida. Kumbe kuvu za Aspergillus flavus hazifanani. Baadhi ni wazalishaji wakubwa wa sumu, wengine kidogo, na wengine hawazalishi kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta dawa. Watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini (KALRO), taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto (IITA) na idara ya kilimo ya Marekani walitafuta katika mashamba ya Kenya kuvu zisizo na sumu, wakazipaka kwenye mbegu za mtama zilizouawa ili zisiote. Bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe KE01. Mkulima huitawanya kwa mkono shambani, takriban kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu isiyo na sumu huota juu ya mtama, husambaa na kuwahi nafasi ambayo ile mbaya ingeikalia. Ikitumiwa vyema hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa sana. Ikinyunyizwa baada ya mahindi kukomaa, ni pesa zilizomwagwa.

Kabla ya maabara hizo zote, jikoni mwa Ukambani palikuwa na utaalamu wake. Muthokoi hutwangwa kinuni ili ganda la nje liondoke, na sumu nyingi hukaa kwenye ganda hilo na kwenye kiini. Watafiti wa Kenya waliopima jambo hili, na kuchapisha mwaka 2008, waliona kukoboa kunapunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa kwa baadhi ya mahindi upungufu ulikuwa mdogo sana. Kwa hiyo muthokoi husaidia, lakini hausafishi mahindi yaliyoharibika: nusu ya 4,400 bado ni kifo. Na makapi yake yasipewe kuku wala ng'ombe bila kufikiri, kwa maana sumu iliyotoka kwenye sufuria imehamia humo. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sehemu yake hutoka katika maziwa.

Kazi iliyobaki nyumbani

Mahindi ya kuhifadhi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wachache wana mashine ya kupimia, lakini kuna kipimo cha chumvi ambacho hakigharimu kitu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi hadi kama thuluthi yake na konzi ya chumvi iliyoanikwa ikakauka vizuri. Funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi asilimia 15 na hayafai kuingia guniani. Isipoganda, yako chini ya hapo, lakini yaongezewe jua tena, kwa kuwa 15 bado si 13.5.

Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, maana kuvu yenyewe hukaa udongoni. Magunia yawekwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi zichambuliwe, na zisiuzwe, zisipikiwe busaa wala zisipelekwe kwa mifugo. Lakini punje iliyo safi kwa macho si ushahidi wa usalama.

Anayetaka mahindi yake yapimwe asichote konzi moja kutoka juu ya gunia. Sumu haienei sawasawa; punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Mchukuaji sampuli achome bambo sehemu nyingi, juu, katikati na chini, achanganye, ndipo apeleke. Kiwango cha sasa cha mahindi ya kuliwa ni 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote, na 5 kwa ile aina kali zaidi iitwayo B1.

Kuna swali moja ambalo chupa ya chumvi hailijibu. Familia iliyoambiwa mahindi yake ni sumu, na haina mengine, itakula nini jioni? Mwanasayansi anaweza kusema kwa uhakika kilicho ndani ya gunia. Hawezi kulijaza upya. Mwaka 2004 serikali ililazimika kupeleka chakula mbadala katika wilaya zilizoathirika, na bila hicho onyo lingekuwa maneno kwa mtu mwenye njaa. Tangu Katiba ya 2010, kilimo na afya ya mashinani viko mikononi mwa kaunti, na mkazi anayeona mahindi yenye kuvu au mtu wa manjano macho ana mahali pa kwenda: afisa wa kilimo wa wadi, mhudumu wa afya ya jamii, au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo, na mahindi aliyokula yahifadhiwe kando ili yapimwe, yasitupwe.

Na aliyetoa sampuli, iwe ya mahindi, ya maziwa au ya damu, aulize matokeo yatarudi lini na kwa nani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ajiandikie jina la ofisi iliyochukua, tarehe na namba ya sampuli, na kikaratasi hicho akiweke pamoja na kadi ya kliniki.