Almasi peke yake haijengi nchi

SWALI: Nchi nyingi za Afrika zina madini, lakini wananchi wake ni maskini. Je, ni kweli utawala bora ndio unaokosekana?

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tazama Botswana. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na barabara zake za lami hazikuzidi kilomita chache. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa, katika eneo la Wabangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kuwaachia watu wake utajiri huo. Badala yake, sheria ya mwaka 1967 iliweka haki za madini mikononi mwa taifa zima. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito kuliko almasi zenyewe, kwa sababu ulizima ugomvi wa makabila kabla haujazaliwa. Baadaye serikali ilijadiliana upya na kampuni ya almasi ya De Beers hadi ikapata nusu ya hisa za migodi. Mapato yakasomesha watoto, yakajenga zahanati na barabara. Mengine yakawekwa akiba.

Haikuwa pepo. Pengo kati ya tajiri na maskini bado ni kubwa mno, na kuitegemea almasi kumeiumiza nchi kila bei inaposhuka.

Kama uko Tanzania na unataka kujua fedha za umma kwenu zinasimamiwaje, anza na ripoti ya kila mwaka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Tafuta halmashauri yako humo, kisha mwulize diwani wako hoja zipi za ukaguzi zimejibiwa.