SOMO: BARUA PEPE "ILIYOSOMWA" BILA KUSHUGHULIKIWA



Matawi mengi hutumia sanduku moja la barua pepe kwa viongozi wote. Katika programu ya Thunderbird, barua isiyosomwa huonyeshwa kwa herufi nzito. Tukitumia njia ya IMAP, alama hiyo hutunzwa kwenye seva. Akiifungua mmoja, kwa wote huonekana imeshasomwa. Hivyo wito wa kikao cha nidhamu waweza kupita kimya, na mwenzetu akasimama mbele ya mwajiri bila mtetezi.

Tufanye hivi:

1. Katika mipangilio, tuizuie programu isiweke alama ya kusomwa yenyewe, au isubiri sekunde kadhaa.

2. Aliyefungua barua bila kuishughulikia abonyeze herufi M, irudi kuwa haijasomwa.

3. Hesabu ikidai kuna barua mpya zisizoonekana, kwanza tuondoe chujio. Tatizo likibaki, tubonyeze folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, tufungue sifa zake, tuchague kuirekebisha.

Alama ya kompyuta husema barua imefunguliwa tu. Nani ameshika shauri, na lini, katibu aandike daftarini.